Posa ya Mwenye Katuni

Kabla ya yote nijieleze, mtu asije akanitafuta mahali nisipopatikana: mimi ni mtu wa ndani. Rwezamenyo yetu, mtaa wa hapa Kigali, ilikuwa na watu waliojulikana kwa safari, wanaokwenda Kampala au Bujumbura na kurudi na majora ya vitambaa na hadithi ndefu kuliko majora. Mimi nilijulikana kwa kuwepo. Ukija asubuhi niko, ukija jioni niko, na ukipita bila kuja niko vilevile, nakutazama kutoka barazani. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Mwanangu huyu, hata akiitwa peponi atauliza kama hawawezi kumletea huku."

Nilikuwa na sekondari yangu kamili, na Kifaransa cha darasani ambacho hakikuwa na pa kwenda, sawa na mwenyewe. Baba alipofariki nilirithi vitu viwili: cherehani yake na usimamizi wa dada yangu mdogo. Cherehani ilinitii.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa vita. Mapigano yalikuwa kaskazini, mpakani, lakini shaka ilikuwa kwetu, mlango kwa mlango. Ukinunua betri za redio, jirani anataka kujua unasikiliza stesheni gani. Ukipata mgeni, wanataka kujua kama atalala. Kutembea usiku kulikatazwa, jambo ambalo halikunisumbua hata kidogo, maana mimi nilikuwa nimejikataza zamani. Lakini ugonjwa wa kushuku ulinipata kama ulivyowapata wote, na kwa kuwa sikuwa na safari, nilipata muda wa kuulea.

Ndipo siku moja akaja barazani kijana mrefu, mwembamba, mwenye masharubu aliyoyachana vizuri kuliko nywele zake.

"Fundi, iko na kitambaa nyeupe?"

"Cha sanda au cha harusi?"

"Cha ukuta."

Nikasimamisha cherehani. Akaeleza kwamba ana mashine ya kuonyesha sinema, projekta ndogo ya mkono, pamoja na boksi la mikanda ya katuni za zamani, zisizo na sauti. Alitaka shuka kubwa, nyeupe pe, isiyo na maua. Kitambaa nilichokuwa nacho kilikuwa chembamba, nikaunga vipande viwili, mshono ukapita katikati. Nilipomkabidhi, akasema sasa hana mahali pa kuitundika. Mama, ambaye kazi yake jikoni ilikuwa kusikiliza, akasema sebule yetu ina ukuta mrefu. Hivyo ndivyo mwanamume yule alivyoingia nyumbani kwetu: mchana, kwa mlango wa mbele, na shuka niliyoishona mwenyewe. Dada yangu alikuwa amesimama pale na sinia ya chai, na sijui ilikuwaje vikombe vikaanza kugongana.

Kila Jumamosi baada ya adhuhuri tulifunika madirisha kwa blanketi, watu wakakaa chini, mashine ikaanza kulia kama cherehani yenye njaa ya mafuta.

Katuni zenyewe nitazieleza, maana sijaziona tena mahali popote. Karibu zote zilianza kwa pazia. Pazia likifunguka unaona jukwaa, na miti ya kuchorwa kwenye mbao. Anaingia kondoo jike mwenye utepe kichwani, ndiye bibi harusi mtarajiwa, na baba yake, kondoo dume mzee mwenye mkongojo. Halafu anaingia yeye. Korongo. Koti jeusi refu, kofia ndefu kama bomba la jiko, na masharubu, korongo mwenye masharubu, ambayo alikuwa anayasokota kila akitaka kusema uongo. Alitaka kumwoa kondoo kwa nguvu. Kondoo akikataa, anafukuzwa nje kwenye theluji. Na hapo ndipo mzaha wenyewe ulipo: theluji ilimfuata yeye peke yake. Akienda kushoto nayo inaenda kushoto. Picha ikipanda juu unaona panya amekalia boriti, anamwaga vipande vya karatasi kutoka kwenye ndoo, na karatasi zikiisha anamtupia ndoo yenyewe. Shujaa akija alikuwa jogoo mwenye kifua kikubwa, mpaka kitobolewe na msumari wa jukwaa, kinatoa upepo wote, anabaki kama soksi.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba waliochora walikuwa wanawadhihaki watu wa michezo ya kuigiza ya zamani kule kwao, yenye vilio vingi na mbaya anayejulikana tangu mlangoni. Sisi hatukuwahi kuiona michezo hiyo. Ni kama kumcheka mtu anayeiga mwendo wa mjomba wake, na huyo mjomba humjui. Lakini tulicheka. Mama alikuwa na lake tu: "Mbe, kondoo gani hii inalia mdomo wazi? Kondoo hata ikichinjwa inanyamaza." Kwake hilo ndilo lililokuwa kosa kubwa la Wazungu.

Jumamosi ya tatu hivi akaja nyumbakumi wetu, yule aliyekuwa akisimamia nyumba zetu kumi kwa niaba ya serikali na kwa niaba ya udadisi wake. Alikuwa amesikia kwamba kuna nyumba inafunika madirisha mchana na watu wanakaa gizani bila kusikika redio.

"Muko munafanya nini humu?"

"Tunaangalia korongo," nikamjibu.

Akanitazama kama mtu aliyekuja na pingu akakuta hakuna mikono. Akakaa, kwa uchunguzi. Korongo alipomkamata kondoo na kumfunga kwenye reli, nyumbakumi akasimama akapiga kelele, "Wewe! Muache mtoto ya watu!" Tangu siku hiyo alikuwa anakuja mapema apate nafasi ya mbele. Mshono wangu ulipita usoni mwa korongo, ukampa kovu, na watu waliamini amechorwa hivyo.

Sasa shida yangu. Katikati ya picha palikuwa panatokea vibao vyenye maandishi ya Kifaransa. Kijana yule alikuwa anavitafsiri kwa sauti, kwa Kiswahili na Kinyarwanda mchanganyiko, na watu walimpenda kwa hilo kuliko hata katuni. Mimi nilikuwa nasoma. Kibao kinasema, "Kesho yake asubuhi." Yeye anasema, "Hapa mzee anawaza, nikiuza ng'ombe ya mwisho, nitakunywa maziwa ya nani?" Watu wanahuzunika. Kibao kinasema, "Ole wangu!" Yeye anasema maneno ya kutosha kuchemshia maharage. Kifaransa hakukijua hata kidogo. Alikuwa anatunga, uso mkavu, bila kukwama, na wiki ijayo mkanda uleule unapata maneno mengine.

Nikamwambia dada yangu, "Huyo mtu ni mwongo."

"Anafurahisha watu, kaka."

"Mwongo asiyefurahisha ungemtambua mwenyewe."

Akacheka, akaenda zake. Na mimi nikabaki na hesabu zangu: mtu anayeweza kuitungia katuni maneno namna ile, ya kwake mwenyewe anayatunga kwa kiasi gani? Ukimuuliza mashine ameipata wapi, anasema, "Ya kazini." Kazi gani? "Kule juu." Juu wapi, Kigali yote ni milima!

Wazee wake walipokuja kubisha hodi kuomba siku ya posa ya dada yangu, mama alikuwa ameshakubali kabla hawajavua viatu. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye atakayekuwa msemaji wetu. Nikasema tusubiri kwanza, tumchunguze. Mjomba akaniuliza, "Nani atamchunguza? Weye? Kutoka kwenye kiti hicho?"

Neno hilo liliniuma, nikafanya jambo ambalo mtaani lilizungumzwa wiki nzima: nikatoka. Nilimwona anapita asubuhi na mfuko wake, nikavaa viatu, nikamfuata. Tulipanda mpaka mjini, tukapita sokoni, yeye mbele anatembea kama mtu, mimi nyuma nimebana ubavu, kila ukuta najificha nipate pumzi. Akaingia Kiyovu, kwenye zile barabara za miti na magari yasiyopiga honi. Akafika kwenye geti la nyumba kubwa, akatoa funguo mfukoni, akafungua kama kwake.

Nikasimama nje kwenye ua wa michongoma. Mama mmoja, mpishi wa nyumba ya jirani, akatoka na ufagio.

"Unatafuta nani hapa?"

"Namsubiri mtu."

"Mtu gani? Umesimama hapo unachungulia nyumba za watu. Wewe ni nani?"

Yaani mimi, niliyekuja kushuku, nikawa ndiye wa kushukiwa. Nikamwambia ni fundi cherehani, akasema mafundi cherehani hawasimami kwenye michongoma. Alipoingia kumwita mwenzake, nikachungulia mara ya mwisho. Barazani pale, kwenye kiti cha kusuka, alikuwa amekaa mkwe wetu mtarajiwa, mguu juu ya mguu, anakunywa chai kwenye kikombe chenye kisahani. Amevaa koti jeusi, refu, la kufika chini ya magoti. Ilikosekana kofia tu.

Nilirudi nikikimbia, au tuseme nikishuka haraka, maana ni mteremko. Nikamweleza dada yangu yote: funguo, kiti, koti. Akasikiliza mpaka mwisho, macho yamemtoka.

"Kaka, umefika Kiyovu kwa miguu?"

"Ndicho ulichosikia?"

"Nimesikia yote. Lakini hilo la miguu ndilo siamini."

Nikaenda kwa mjomba. Akasema siku imeshapangwa, viti vimeshaazimwa, na kama nina neno nitalisema palepale, mbele ya watu, wakati wake ukifika. Nikaona sawa. Nitalisema.

Wasiojua gusaba yetu niwaeleze kidogo. Kwetu hapa, hata sisi Waislamu, posa haiombwi ikatolewa hivihivi. Pande mbili zinakaa zikitazamana, kila upande una msemaji wake, na upande wa msichana lazima ukatae. Wanajifanya hawawajui wageni. Wanazua makosa: mlituibia, mlitutukana, msichana ameshaolewa mbali. Upande wa mvulana unaomba radhi, unajibu kwa akili, watu wanacheka, na mwisho, baada ya kupanda na kushuka sana, msichana anatolewa. Kila mtu anajua mwisho wake. Raha iko katika kukataa.

Siku hiyo uwanja wetu ulijaa. Mjomba alikuwa amechangamka mno. "Ninyi wageni, mumepotea? Duka ya chumvi iko mbele kidogo." Msemaji wao, mzee mfanyabiashara mwenye kofia iliyodariziwa vizuri sana, kazi ya mikono yangu mwenyewe, akajibu kwamba chumvi wanayo, wamekosa mtu wa kuitia kwenye chungu. Makofi. Mjomba akasema msichana ameolewa Tabora. Mzee akasema wametoka Tabora jana, walimkuta hayupo. Makofi tena. Halafu mjomba akageukia upande wetu, kama desturi ilivyo.

"Kwenye familia, iko mtu ana neno juu ya kijana huyu?"

Nikasimama. 

"Mimi ninalo. Kijana huyu simwamini."

"Eeeh!" watu wakaitikia, wamefurahi.

"Mashine anayotuonyeshea si yake. Nimekwenda mwenyewe Kiyovu kwa miguu yangu..."

Hapo kicheko kikapasuka, nikangoja kitulie. Hakikutulia, nikapandisha sauti juu yake.

"Nimemwona kwenye nyumba ya mtu mwingine, amevaa koti la mtu mwingine, amekalia kiti cha mtu mwingine, anakunywa chai ya mtu mwingine! Mtu huyo akichoka na dada yangu, atamrudisha kabatini kwa nani?"

Vigelegele. Wanawake walitoka jikoni na miiko mikononi. Nyumbakumi alikuja akanishika mkono, machozi yanamtoka kwa kucheka: "Fundi! Kumbe weye ni muchezaji! Umejificha miaka yote hii!" Nikamwambia, "Sichezi, nasema kweli," akaanguka tena juu ya kiti. Kadiri nilivyokasirika ndivyo nilivyosifiwa. Wengi waliocheka siku ile sitawataja hapa, na si kwa sababu ya adabu ya kuandika tu, bali kwa yaliyotukuta baadaye, vita vilipofika kwetu.

Mzee wao akasimama taratibu. Akajifuta macho, akavua kofia, akairudisha.

"Mashtaka tumeyasikia, na hatubishi. Wakwe zetu, sisi tunavyojua, mwizi anakimbia. Huyu wetu amekuja mchana, pamoja na wazee wake, na ng'ombe. Mwizi anayekuja na ng'ombe, kwetu anaitwa mkwe."

Ikawa imekwisha. Ng'ombe mwenyewe alikuwa wa maneno, kama ilivyo mjini, lakini alipigiwa makofi kama amesimama pale na pembe zake. Nilikaa. Mtu mmoja tu kwa wageni hakuwa amecheka, naye ni kijana mwenyewe. Alikuwa ananitazama, ametulia, hata masharubu hayatikisiki. Nikasema moyoni, anajua kwamba najua. Lakini nani nitamwambia? Nilikuwa nimesema kila kitu, kwa sauti, mbele ya mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuwa unanipongeza.

Zikabaki siku chache za kungoja ndoa. Jumamosi iliyofuata hakuja na mashine. Alisema imeharibika. Watu walirudi makwao wamenuna, nami nikaandika kichwani: imeharibika, au mwenye mali karudi? Dada yangu aliacha kunitania. Alitoka asubuhi moja bila kusema anakwenda wapi, akarudi na vumbi miguuni mpaka kwenye goti, na nilipouliza akasema, "Nilikwenda kwa shoga yangu." Shoga gani? "Kule juu." Nikasikia damu inanipanda. Alishajifunza kujibu kama yeye.

Siku ya nikaha hakukuwa na mchezo wa kukataa. Watu wachache sebuleni, shehe, mashahidi, bwana harusi na kanzu aliyoshonewa na fundi mwingine, maana mimi nilisema nina kazi nyingi. Na mimi, kaka mtu, ndiye walii. Bila neno langu hakuna ndoa. Ndipo nilipotambua kwamba pale uwanjani niliposema kwa sauti yote neno langu halikuwa na uzito, na hapa, ambapo nitasema sentensi moja kwa sauti ya chini, litabeba maisha ya mtu.

Shehe akaniambia, "Nenda kamuulize bibi harusi kama ameridhia."

Nikaingia chumbani kwa mama. Dada yangu alikuwa amekaa kitandani, hina mikononi, kanga kichwani. Nikafunga mlango.

"Nimetumwa kukuuliza."

"Uliza."

"Kwanza nikuulize langu. Mashine ile iko wapi?"

Akainua ukingo wa godoro, akatoa fungu la funguo, akaliweka mapajani. Nilizitambua kwa mbali.

"Kabatini, Kiyovu. Nimeifungia mimi mwenyewe. Na koti, na mikanda yote."

"Amekupa funguo?"

"Nilizichukua. Kaka, siku ile uliposimama, wote walicheka. Mimi nilikuwa huku ndani nyuma ya ukuta. Nakujua. Wewe huwezi kuchekesha watu, hata ukilipwa. Nikajua unasema kweli." Akashusha pumzi. "Nikamwita nikamuuliza. Bosi wake aliondoka haraka vita vilipoanza, akamwachia nyumba, akamwambia tunza."

"Kutunza si kuvaa."

"Ndivyo nilivyomwambia. Akasema koti linahitaji kupigwa upepo. Nikamwambia upepo haunywi chai." Nikataka kucheka, nikajizuia. "Nikamwambia tutarudisha kila kitu mahali pake, na funguo nitakaa nazo mimi mpaka mwenyewe arudi. La sivyo asije leo. Akakubali, nikazichukua."

"Na mwenyewe asiporudi?"

"Nitazeeka nazo."

Nilizitazama zile funguo. Nyingi, za milango ya watu wengine, kwenye mapaja ya dada yangu. Nikafikiri, nikaona bado kuna nafasi.

"Na kama amechongesha nyingine?"

"Kaka."

"Nauliza tu."

"Hilo nimelifikiria kabla yako. Mimi ndiye nitakayeishi naye, nitaangalia mifuko. Sasa wewe umetumwa na shehe kuniuliza kitu, na hujauliza."

Nikauliza. Akanyamaza kidogo, kama bibi harusi anavyopaswa kunyamaza, halafu akasema, "Nimeridhia," kwa sauti iliyofika sebuleni bila msaada wangu.

Nikarudi, nikakaa kwenye mkeka, goti langu na la bwana harusi yanagusana. Shehe akaunganisha mikono yetu ya kulia. Mkono wake ulikuwa umeloa jasho. Nikajiuliza mwizi hutoka jasho au mtu mwaminifu ndiye hutoka, nikashindwa kujua, maana na wangu ulikuwa hivyohivyo. Nilikawia. Nyumbakumi, nyuma yangu, akaanza kucheka chini kwa chini, akidhani naanza tena. Shehe akamtazama, naye akakoma.

Nikasema, "Nimekuozesha dada yangu, kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumwoa," akajibu.

Alijibu haraka mno. Sikuwa nimefunga mdomo. Mashahidi walisema wamesikia vizuri, shehe akainua mikono kuomba dua, watu wote wakafumba macho, nami nikafumba langu moja.